Tafuta fundi kwanza ndo uchague gari: Crown, Mark X, Benzi au BMW hapa Dar

Wakuu, swali naloulizwa sana ni hili: mtu kashika simu ina picha mbili, moja Crown Athlete nyeupe, nyingine Benzi C200 nyeusi, bei zinakaribiana, anataka nimwambie achukue ipi. Na mimi kabla sijajibu namuuliza, fundi wako nani? Wengi wanaona kama nimekwepa. Sijakwepa, jibu linaanzia hapohapo, kwa sababu gari ya kifahari iliyotumika ugumu wake unategemea nani anaishika na spea zake zinapatikana wapi, Ilala na Gerezani, au mpaka uagize ukae unasubiri mzigo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hujakanyaga yadi yoyote na kabla dalali hajaanza kukupigia, zunguka utafute fundi wa gari unayoipenda. Kama roho iko kwenye BMW nenda gereji zinazoshika BMW tu, kaa nusu saa angalia magari yaliyopaki pale, ongea na wateja wanaosubiri. Halafu muulize fundi maswali ambayo wewe jibu unalo. Mfano BMW kama E90 (3 Series za kizazi kilichopita), ukiweka betri mpya inabidi iandikishwe kwenye komputa ya gari ili mfumo wa kuchaji ujue betri imebadilishwa, sasa fundi akikwambia ni kufungua na kufunga tu, mshukuru uondoke. Benzi yenye gia boksi ya spidi 7, muulize oili ya gia anapimaje usawa wake. Anayejua atakwambia lazima asome joto la oili kwa mashine kwanza. Na muulize ana mashine gani. Kale kadude kadogo ka kuchomeka chini ya usukani kanakosoma kila gari kanakupa makosa ya injini basi, kwa gari za Ulaya fundi anatakiwa awe na programu ya kampuni yenyewe, Xentry kwa Benzi, ISTA kwa BMW. Toyota nayo ina ya kwake, Techstream, ila Toyota hata fundi wa chini ya mwembe ana pa kuanzia.

Nasisitiza hili kwa sababu liliikuta familia yetu. Mdogo wangu alinunua sedani ya Kijerumani, safi kabisa ndani nje, miezi minne taa ya injini ikawaka na gari ikawa nzito kwenye mlima. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi na koili zote. Ya pili wakabadilisha sensa mbili. Ya tatu wakaanza kumtajia injini nyingine. Wiki tano gari imelala na yeye anapanda mwendokasi kwenda kazini huku mkopo wa gari unakatwa kwenye mshahara. Mwisho akapata kijana mmoja Kinondoni, akapuliza moshi kwenye njia ya hewa ya injini, dakika kumi tu moshi ukatokea kwenye paipu ya plastiki iliyopasuka kwa joto. Paipu yenyewe haikufika hata robo ya hela aliyokuwa ameshamwaga. Ile gari haikuwa mbovu kiasi kile, ilikosa mtu wa kuielewa, na iliniuma sana kumwona anauza kwa hasara gari aliyoipenda vile.

Sasa ukishapata fundi ndo unaingia kwenye injini, na hapa naomba sana usikariri nembo. Watu wanasema Toyota haifi, wanasahau Brevis na Verossa za D4 (mfumo wa Toyota wa kurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda), zile zenye injini ya 1JZ-FSE, ambazo pampu yake ya presha na mafuta yasiyo safi viliwatoa watu machozi hapa mjini mpaka neno D4 likawa kama tusi gereji. Toyota ileile, mji uleule. Mark X ya 2.5 na Crown za 2.5 za rika lake zina 4GR-FSE, injini ngumu, ya cheni, ila inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa hiyo kaboni inajijenga kwenye vali, ukisikia inatetemeka ikiwa sailensi, yaani imewashwa bila kukanyaga mafuta, usikubali jibu la "ni plagi tu". Uzuri wake ni kwamba Mark X, Crown na Lexus IS250 ni ndugu wa tumbo moja, injini hiyohiyo na chini wanafanana sana, ndo maana spea zinaingiliana na hulali njaa ya kusubiri.

Upande wa Ulaya, Benzi C-Class ya W204, hizi za 2007 hadi 2014 zilizojaa mjini, nyingi zina injini ya M271 ya 1.8 na ugonjwa wake unajulikana, cheni ya taimingi inalegea na gia za juu za kamshafti zinalika, ukiwasha asubuhi injini ya baridi unasikia mkwaruzo wa sekunde chache halafu unapotea. Mkwaruzo huo usiupuuze hata muuzaji aape. W204 pia ina kufuli ya stelingi ya umeme inayokufa ghafla, siku hiyo unaingiza funguo na hakuna kinachotokea kabisa, gari inaondoka kwa kubebwa. BMW 320i ya E90 yenye injini ya N46 inavuja oili kwenye kava la vali, na sili za vali zikichoka inatoa moshi wa bluu ukikanyaga baada ya kusimama muda kwenye taa. Na angalia hili ambalo wengi hawalijui, E90 haina mshale wa joto la maji kwenye dashibodi, inakupa taa ya onyo tu, na taa ikiwaka nyekundu kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni na joto letu hili la pwani, tayari umechelewa. F30, yaani 3 Series zilizokuja baadaye, zenye injini ya N20, zile za kabla ya 2015, reli za plastiki za cheni zinakatika. Magonjwa yote haya yana tiba, ukiyajua kabla unaomba punguzo, ukiyajua baada unalipa mwenyewe.

Kuhusu mvuto, mimi si katika wale wanaosema mvuto ni ujinga. Gari utaikalia masaa mawili kila siku kutoka Tegeta au Mbagala, ukiichukia utaiuza ndani ya mwaka na hasara utaipata vilevile. Ila jiulize kwa uaminifu unachokipenda ni kitu gani hasa. Kama ni utulivu na siti, kama unataka kumbeba mama mkwe asisikie shimo, Crown Royal Saloon inakupa hicho kitu chote na pengine zaidi ya Benzi ya bei hiyo. Kama ni stelingi na gari kukaa barabarani, kusukumwa na matairi ya nyuma, hapo 3 Series ina kitu chake kweli, lakini hata Mark X ni ya kusukuma nyuma, nenda kaiendeshe Bagamoyo Road usiku barabara ikiwa nyeupe ndo uamue. Na kama unachopenda ni ile nyota mbele ya boneti na jinsi mlinzi anavyofungua geti, sawa, ni sababu halali, hela ni yako umeitafuta kwa jasho. Basi chukua ile nyota kwenye umbo lake rahisi kabisa. Achana na shokapu za upepo, achana na paa la kioo linalofunguka maana mirija yake ya maji ikiziba masika yote yanaingia ndani kwenye nyaya. BMW nyingi zinakuja na matairi ya rani-flati, yanayotembea hata yakiisha upepo, na hazina tairi ya spea kwenye buti, sasa pita nayo njia za Goba au Madale ndani uone. Na hizi zote ziko chini, sampu ya oili ndo inasalimiana na matuta, kwa hiyo kama kwako lami inaishia kilomita mbili kabla ya geti, hilo swali limeshajijibu nusu.

Kipimo changu kikubwa ni hiki, wewe unaweza kukaa wiki mbili bila hiyo gari? Kama ndo gari pekee nyumbani, inapeleka watoto shule, inaenda kazini, inaenda msibani Bagamoyo, chukua Toyota yenye injini sahihi na usiumie roho. Kama kuna kagari kengine ka kusogeza siku, unaweza kumfuata unayempenda. Halafu hela. Una milioni 30? Gari yako ni ya milioni 24 au 25, iliyobaki inakaa benki na haiguswi, hata rimu mpya haziruhusiwi kuigusa. Kama ya Ulaya inakulazimu umalize zote 30 siku ya kununua, basi hiyo gari bado hujaiweza, subiri miezi sita. Ukiagiza mwenyewe kumbuka ushuru, ikishapita miaka 8 inaongezewa ushuru wa uchakavu, ikizidi 10 unapanda tena, na injini ya zaidi ya cc 2000 inalipa zaidi, hapo C200 na 320i zina nafuu kuliko Mark X, kwa hiyo ingiza namba kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kufurahia bei ya Japani. Omba na karatasi ya mnada, ukiona daraja R ujue ilishagongwa ikatengenezwa, na kilomita za pale linganisha na za dashibodi.

Ya hapahapa mjini namba ya gari inakusaidia kidogo, namba ya herufi E, usajili wa karibuni, haijala sana barabara zetu, ya D ishaonja. Siku ya kuikagua nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe, shika boneti kwa mkono, ikiwa ya moto ujue kuna kitu kinafichwa. Iwashe wewe, redio imezimwa, sikiliza. Halafu usiridhike na kuzunguka mtaa mmoja, ingia nayo foleni kweli, AC imewashwa, dakika arobaini, mashine ya fundi imechomekwa inasoma joto. Sikilizia gia ikiwa ya moto, inapiga teke kutoka ya kwanza kwenda ya pili? Mkirudi ipandisheni juu muangalie bushi, raki ya stelingi na mavujo. Crown ya haibridi fungua nyuma, betri kubwa iko nyuma ya siti na ina tundu la kuvuta hewa, likiwa limejaa vumbi betri imekuwa ikipikwa.

Ukishalipa na kadi imehamia jina lako, wiki hiyohiyo mwaga oili yote, ya injini na kama fundi anashauri ya gia pia, badili kulanti uweke ya kampuni, sio maji ya bomba. Oili ya zamani ichujeni kwenye kitambaa cheupe mkiwa nayo juani, kikibaki na punje zinazong'aa piga simu kwa muuzaji hapohapo kabla hajaitumia hela yako.