Jinsi ya kufurahia hadithi za Odin na Thor ukiwa zako Mombasa

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwetu likizo ya Agosti na begi moja la nguo na kitabu kinene cha Kiingereza, siku ya pili tu akanifata jikoni, "Shangazi, hili jina lasomwaje?" Nikajifuta mikono nikaangalia: Yggdrasil. Nikamwambia liruke mwanangu, twende mbele. Kumbe huo ndo ushauri mzuri kuliko wote niliompa baadae, manake wengi wanaoziacha hizi hadithi za fantasia za kaskazini ya Ulaya, za Odin na Thor na miungu wenzao wa zamani, huziachia hapo hapo kwenye majina, hawafiki hata mahali nyundo inapotokea.

Kwa hivo tuanze na majina. J yao isome kama y, alafu mwisho wa neno tia vokali kama tunavofanya na kila kitu kilichokuja na meli. Mjölnir, ile nyundo ya Thor, kwetu ni Miyolniri. Jötunheim, kwa majitu, ni Yotunheimu. Yggdrasil ni Igdrasili, mti ulioshika dunia zote tisa, na kwenye huo mti kuna kindi anaitwa Ratatosk kazi yake kutwa ni kupanda na kushuka akibeba maneno ya matusi, ya tai alie juu anayapeleka kwa joka alie mizizini, ya joka anayapandisha kwa tai, yani mfitini wa kuajiriwa. Hamna mtu atakaetoka Aislandi aje Majengo kukusahihisha matamshi.

Ya kushika mwanzo ni matano tu: Odin mzee wa jicho moja, Thor mwanawe mwenye nyundo, Loki mwenye maneno, Freyja ambae kila jitu lataka kumuoa, na Hel binti Loki anaekaa na wafu. Wengine utawajua njiani. Mtoto akisahau mwambie afungue ratiba ya shule, Tuesday ni ya Tyr, mungu wa vita, Wednesday ya Odin kwa lile jina Waingereza wa zamani walilomwita, Woden, Thursday ya Thor, Friday ya Frigg mke wa Odin. Sisi siku tunazihesabu tu mpaka zifike Alhamisi, wao wameacha miungu yao kwenye kalenda na kila asubuhi watoto wetu wanaiandika juu ya daftari hawana habari.

Alafu movi za Marvel za huyo Thor ziweke pembeni kwanza. Sisemi mbaya, nimeziona zote, lakini ukija nazo kichwani utagombana na kitabu kila kurasa. Kwenye masimulizi ya zamani Thor ana ndevu nyekundu, Loki si ndugu yake wa kulelewa bali alichanjana damu na Odin mwenyewe, na Hel ni mtoto wa Loki, si wa Odin.

Sasa kitabu gani? Kwa mtoto wa miaka 12 au 13, au mtu mzima mvivu kama mimi, anza na The Sword of Summer ya Rick Riordan, ya mwaka 2015, ndo ya kwanza kati ya tatu. Kijana anaitwa Magnus, ana miaka 16, analala nje mitaani huko Boston, na anakufa mapema kabisa, yani wewe hujamaliza hata chai yako na mwenye hadithi ashakufa, ndo hadithi inaanza sasa huko Valhalla, ukumbi wa Odin wa mashujaa waliokufa, ambayo kwenye hiki kitabu ni hoteli. Inachekesha, inakimbia, na kuna mmoja wa marafiki zake ni kiziwi anaeongea kwa ishara, mtoto wetu alizijaribu zile ishara wiki nzima mezani. Ukitaka ya safari na bahari nzito zaidi chukua The Sea of Trolls ya Nancy Farmer, inaanzia mwaka 793 kijana na dadake wanatekwa na maharamia wa kaskazini. Runemarks ya Joanne Harris mi naiona ya watu wenye subira, ni nzuri ila inataka uwe ushazijua zile hadithi za asili, la sivyo nusu ya utani utakupita.

Na usiisome kimya. Hapa ndo penyewe, ningetaka mtu ashike hili tu ata akisahau mengine. Hizi hadithi zilikua za mdomo karne na karne kabla mtu hajaziandika, zilisimuliwa usiku wa baridi watu wamezunguka moto, kwa hivo ukizisoma kimya peke yako kitandani ni kama kula biriani baridi, imeiva lakini sivyo. Sisi tulikua tunakaa kibarazani baada ya Isha, kahawa na kashata, mtoto anasoma chapta moja kwa Kiingereza alafu anaisimulia upya kwa Kiswahili ili bibi asikie, anaanza "Paukwa!" na sisi "Pakawa!" Ile kusimulia ndo inamfanya aelewe. Akishindwa kuisimulia basi hakuisoma, alipitisha macho tu.

Bibi ndo alinifunza vile hizi hadithi zafaa kusikizwa. Tulipofika Valhalla, mtoto akaeleza kua mashujaa wanapigana kutwa wanauana, jioni wanafufuka wanakwenda kula nyama ya nguruwe mmoja anaitwa Sæhrímnir, kila siku anapikwa na kesho yake yuko mzima tena. Bibi kimya kidogo alafu, "Sasa pepo gani hiyo, vita kutwa na chakula chenyewe haramu?" Tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Vitendawili navyo vimo. Mbwa mwitu Fenrir alikata minyororo yote ya chuma, mwisho mbilikimo wakamsukia utepe laini kama hariri kwa vitu sita: kishindo cha miguu ya paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Usikisome hivo kikapita, kitege. Kitendawili! Tega! Kishindo cha paka kiko wapi? Kimeenda kumfunga mbwa mwitu ndo mana hatukisikii. Tyr alipoteza mkono wake siku hio, manake Fenrir alikubali kufungwa kwa sharti mmoja wao amtie mkono mdomoni.

Alafu itoe hadithi nje ya nyumba. Kuna ile Thor anaenda kwa mfalme wa majitu, Utgarda-Loki, anapewa pembe ya kinywaji aambiwe mwanamme wa kweli humaliza kwa mkupuo mmoja. Thor anavuta mara tatu mpaka pumzi inamuisha, pembe imepungua kidogo tu. Anaambiwa anyanyue paka, ananyanyua mguu mmoja. Anaambiwa apigane mieleka na ajuza, ajuza anampigisha goti. Kesho yake ndo anaambiwa ukweli, yule paka ni joka lililozunguka dunia, yule ajuza ni uzee wenyewe, na ile pembe ncha yake ilikua baharini, na kile alichokunywa ndo kupwa kwa maji mpaka leo. Hii mi nilimpeleka mtoto akaisome Nyali, wakati wa bamvua ambapo maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Tulifika maji yashakupwa, mchanga wazi mpaka karibu na mwamba, mwani umelala, vijana wawili wanatafuta pweza kwenye madimbwi. Akasoma, akafunga kitabu akaangalia kuleee mbali mawimbi yanapovunja. "Shangazi, alikua na kiu kweli." Basi. Tukanunua viazi karai tukangoja maji yarudi, alitaka kuona yakirudi.

Bibi yeye alipenda ya ajuza. Alisema hio hata hawakuitunga, ni habari tu.

Wifi yangu hakufurahi mwanzo na namuelewa. Alipiga simu usiku, "Wifi, mbona mtoto yuko na mambo ya miungu huko kwako?" Kama kwenu swali hili litakuja, na litakuja, jibu langu ni hili. Aliyetuandikia nyingi ya hizi hadithi ni Snorri Sturluson, Mkristo wa Aislandi, alieandika kwenye miaka ya 1220 wakati nchi yake ishaingia Ukristo tangu mwaka 1000, hakua anaabudu Thor, alikua anahofia washairi vijana watapoteza maana ya mafumbo ya mashairi ya zamani. Kaziandika kama hadithi, na sisi tunazisoma kama hadithi, vile tulivokua tukisikiza majini ya Alfu Lela Ulela na hamna alieabudu jini. Alafu nikamtajia Samirah al-Abbas, ambae kwenye hivo vitabu vya Riordan ni Muislamu, anavaa hijabu, na kitabu cha tatu kinamkuta kwenye mfungo wa Ramadhani katikati ya safari ya hatari na hafungui. Na Waarabu walishawaona hao watu wa kaskazini kwa macho yao, Ahmad ibn Fadlan alitoka Baghdad mwaka 921 na huko mto Volga akaandika vile walivomchoma mkubwa wao ndani ya jahazi lake. Wifi akasema haya, lakini sala zisipite. Hazikupita.

Jambo jengine, ukikuta kitu kinafanana na cha kwetu simama hapo usikimbilie mbele. Baldr mwana wa Odin hakuna kilichoweza kumuumiza, mamake alivilisha kiapo vitu vyote akaacha mmea mmoja mdogo tu kauona bado mchanga, Loki akaujua, akamtilia mkononi ndugu yake Baldr aliye kipofu, akamrushia akafa. Mtoto alipofika hapo akasema huyu ni Fumo Liyongo! Na kweli, Liyongo nae hakuna silaha iliyompata ila sindano ya shaba kitovuni, na alieichoma ni mwanawe wa kumzaa. Tulikaa nusu saa tunabishana ni ipi inauma zaidi, mkono wa kipofu asiejua au mkono wa mtoto anaejua. Mi nasema wa Liyongo. Bado tunabishana.

Na kucha! Mwisho wa dunia yao, Ragnarok, litakuja jahazi linaitwa Naglfar lililoundwa kwa kucha za maiti, Snorri anasema mtu asife na kucha ndefu kwa sababu anawapa maadui mbao za kuundia. Sasa bibi maisha yake yote anatwambia kucha ukizikata usizitupe ovyo, zifukie. Aliposikia hii alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Kuhusu kununua, vipya ni ghali, kwa hivo wengi wetu ni mitumba ya vitabu inayotandazwa chini mjini, na hapo nakuomba kitu kimoja: fungua kurasa za mwisho kabla hujatoa pesa. Mimi sikufungua. The Ship of the Dead, kile cha tatu cha Riordan, nilikipata bei ya kutupa, nikakipeleka nyumbani kama nimeokota dhahabu, kumbe kurasa kama thelathini za mwisho hamna, zimekatika na gundi yake. Nilirudi kesho yake, muuzaji akaniambia si yeye. Kagua pia namba ya kitabu kwenye mfululizo, manake kuanza na cha pili ni kuingia harusini watu wananawa mikono. Yale masimulizi yenyewe ya Snorri hayana shida hio, kuna tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1916 iko bure mtandaoni, unaiweka kwenye simu bando ndogo tu.

Ndo ikaniokoa usiku ule. Mtoto kafika pale karatasi zimekatika, ananiangalia kama mimi ndo nimezichana, bibi anangoja na kikombe mkononi. Nikafungua simu nikawasomea adhabu ya Loki, vile amefungwa pangoni kwenye majabali matatu na nyoka juu yake anamdondoshea sumu usoni, na mkewe Sigyn amekaa pembeni anakinga kwa bakuli, bakuli likijaa anaenda kulimwaga, na kwa huo muda mdogo tone linamfikia Loki anatikisika kwa maumivu mpaka ardhi inatetemeka.

Bibi akaweka kikombe chini. "Kwani nyumba nzima hawana bakuli la pili?"