Nywele zinapungua na kichwa kinawasha: fuata hatua hizi kabla hujanunua dawa

Wiki haipiti bila kijana kuingia chumbani kwangu akiwa amevaa kofia. Akishakaa anaivua taratibu, anainamisha kichwa, na kusema, "Daktari, nywele zinaisha." Mimi ni tabibu wa ngozi. Wengi wa vijana hawa wamekwisha jaribu mafuta ya kila namna, kitunguu saumu kilichopondwa, na krimu tatu au nne za duka la dawa. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi. Nimesafisha malengelenge yake mara nyingi. Nakuandikia wewe ambaye bado hujafika huko.

Hatua ya 1: Jua unachoumwa

Kaa penye mwanga wa dirisha. Mwombe ndugu au rafiki akupige picha kwa simu: paji la uso, panja zote mbili, utosi, na kisogo. Usitegemee kioo, maana kisogo hutakiona, na huko nako shida huweza kuanzia.

Nywele zimerudi nyuma kwenye panja au zimepungua utosini, na ngozi ni safi, haiwashi? Huo ni uwaraza wa kurithi. Hutoka upande wa baba na hata wa mama, kwa hiyo usiangalie kichwa cha baba peke yake.

Kuna ungaunga mweupe au wa manjano wenye mafuta, na kichwa kinawasha zaidi ukitoka jasho? Hiyo ni mba. Vipele vigumu kisogoni, vinavyouma au kutoa usaha, vina hatua yake hapo chini. Kiraka cha mviringo, laini, kilichotokea ghafla, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina ya nywele. Kiraka chenye magamba na nywele zilizokatika, hasa kama kuna mtoto nyumbani mwenye hali hiyohiyo, huenda ni mapunye.

Na kama uliugua malaria kali au homa nyingine nzito miezi miwili au mitatu iliyopita, na sasa nywele zinatoka kichwa kizima, tulia. Kwa kawaida hurudi zenyewe. Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku hata akiwa mzima wa afya.

Hatua ya 2: Ondoa kinachochokoza

Kwa wiki nne acha piko, acha spiriti ya baada ya kunyoa, acha wembe na acha skrabu. Vyote vinne, kwa pamoja.

Piko inanipa hofu kuliko vingine. Vijana wanapakwa ili mstari wa mbele uonekane mweusi na uwaraza ujifiche, lakini rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo parafenilinidayamini, ambayo ngozi ya baadhi ya watu huikataa. Muwasho unaweza kuchelewa siku moja hadi tatu, ndiyo maana mtu hamfikirii kinyozi. Baadaye kichwa kinatoa majimaji na macho yanavimba. Ngozi ikishaikataa, itaikataa maisha yote. Tatizo hilo likikupata, usipake piko tena, hata kidogo kwenye ndevu.

Kama umesuka rasta au una dredi na nywele za pembeni zinakatika, legeza. Nywele zinazovutwa miaka mingi huacha kuota.

Hatua ya 3: Tuliza muwasho

Mba huchochewa na fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kupenda mafuta yake. Kwa hiyo kuzidisha mafuta kichwani hakutibu mba. Kunaficha magamba kwa siku moja tu.

Nunua shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Lowesha kichwa, paka hadi ifike kwenye ngozi, kisha iache dakika 5. Weka saa, kwa sababu kosa ninalolikuta kila mara ni mtu kupaka na kuosha papo hapo. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne. Ukipata nafuu, tumia mara moja kila wiki moja au mbili, la sivyo mba itarudi.

Usinunue tyubu za mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Muwasho unapungua haraka na unadhani umepona, kumbe kama ni mapunye yanaendelea chini kwa chini. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa vidonge, kama griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa. Krimu haifiki ndani ya shina la nywele.

Hatua ya 4: Okoa kisogo

Hapa naomba unisikilize vizuri. Nywele zetu zimejipinda. Zikinyolewa hadi ngozini, ncha kali inaweza kugeuka na kuchoma ngozi, na mwili unaivamia kama mwiba. Hutokea kipele. Unanyoa tena juu yake, kinakuwa kigumu, vinaungana, na baada ya miaka una tuta la kovu ambalo halioti nywele. Wengi hudhani ni uchafu wa mashine tu. Mashine chafu huongeza vijidudu, lakini hata mashine mpya kabisa inaweza kukuletea tatizo hili ikikunyoa hadi ngozini.

Mwambie kinyozi: "Kisogo usikiguse kwa wembe, na valisha mashine kitana namba moja." Kitana hicho huacha nywele za milimita 3, na urefu huo huzuia ncha kurudi ndani. Usikubali kuchongwa mstari wa nyuma hadi vipele vipone. Usivikamue.

Ukiendesha bodaboda, angalia ukingo wa helmeti unagusa wapi. Msuguano wa helmeti au wa kola ngumu hukichokoza kisogo kila siku. Usiache helmeti, tafuta inayokutosha vizuri.

Vipele vikiwa bado vidogo, tabibu anaweza kukupa krimu ya steroidi kwa muda aliopima yeye, pamoja na antibayotiki kama doksisaiklini. Vikishakuwa vigumu hudungwa sindano ndani yake. Tuta kubwa huishia kwa upasuaji.

Ukiweza, nunua mashine yako mwenyewe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi siku 7 au zaidi kwenye kitu kikavu, na mashine ya kugawana hupita kwenye vichwa vingi kwa siku moja.

Hatua ya 5: Sasa shughulikia uwaraza

Usianze hatua hii ngozi ikiwa bado na vidonda. Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ikipakwa kwenye ngozi iliyochubuka huingia mwilini kwa wingi zaidi. Asili yake ni dawa ya shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa moyo aonane na daktari kwanza.

Tumia ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na mililita 1 usiku, kwenye ngozi kavu, kisha nawa mikono. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi. Wengi huacha hapo, wakati za zamani zinapisha mpya. Vumilia miezi 4 hadi 6 kabla ya kuamua. Ukiiacha baadaye, ulichopata kitapotea ndani ya miezi michache, kwa hiyo piga hesabu ya gharama kabla hujaanza.

Kidonge cha finasteridi kipo pia, lakini si cha kununua dirishani. Baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au kupata huzuni, na mjamzito hapaswi kugusa kidonge kilichovunjika.

Hatua ya 6: Usichelewe kufika kliniki

Nenda haraka ukiona usaha, homa, uvimbe machoni, au ngozi iliyobaki na kovu linalong'aa. Nenda pia nywele zikitoka viraka viraka kama nguo iliyoliwa na nondo, hasa ukiwa na vipele viganjani au nyayoni: inaweza kuwa kaswende, na sindano ya penisilini huitibu.

Beba picha ulizopiga na chupa zote ulizotumia, hata ile isiyo na lebo. Siku ya kwenda usipake chochote kichwani.