Mapafu Baada ya Korona au Mafua Makali: Kujua Kilichobaki Kifuani Kabla ya Kukitibu

Mgonjwa aliyelazwa kwa korona au mafua makali hadi akawekewa oksijeni, anaporuhusiwa kurudi nyumbani, mara nyingi hukuta kwamba kirusi kimeondoka lakini pumzi haijarudi. Akipanda ngazi chache anatweta, na akiinama kufunga kamba za viatu kifua kinambana. Jamaa zake, kwa nia njema, humkimbilia muuza dawa na kumweleza kwamba kifua kinamsumbua, kisha hurudi na antibayotiki, deksamethasoni na chupa ya dawa ya kikohozi. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu nyuma ya dalili hiyo moja yaweza kuwapo mapafu yanayopona polepole tu, nimonia mpya ya bakteria, bonge la damu lililokwama katika mishipa ya mapafu, kinga ya mwili inayoendelea kuyashambulia mapafu, makovu, au kifua kikuu, na dawa inayoponya mojawapo ya hayo huweza kuzidisha jingine.

Kwa hiyo kazi ya wiki za kwanza ni kupima na kuandika. Kama familia inaweza kupata kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, mgonjwa aketi na kupumzika kwa dakika 5, mikono iwe na joto, kucha zisiwe na rangi wala piko, na namba isomwe ikishatulia, si ile ya kwanza kuonekana. Kwa watu wengi kiwango cha kawaida ni 95 hadi 100, ingawa mtu anayeishi nyanda za juu anaweza kuwa chini kidogo ya hapo bila ugonjwa wowote. Namba ya kuketi pekee haitoshi. Ikiwa ni nzuri, mgonjwa atembee hatua 40 ndani ya nyumba, au asimame na kuketi kitini kwa dakika 1, akiwa na mtu karibu, kisha apime tena. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mapafu yanashindwa kazi yanapodaiwa hewa nyingi, na daktari anapaswa kuelezwa hivyo hata kama mgonjwa akiketi anaonekana mzima.

Kifaa hiki kina kasoro inayotuhusu sisi moja kwa moja: kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe. Mgonjwa anayehema kwa shida na kusema hali yake ni mbaya aaminiwe kuliko namba.

Zipo dalili ambazo hazingojei miadi. Oksijeni ikiwa 92 au chini mgonjwa akiwa ametulia, pumzi ikikatika ghafla, kichomi kikali kikimpata anapovuta hewa, akikohoa damu, mguu mmoja ukivimba na kuuma, akianza kuchanganyikiwa, au midomo na ulimi kugeuka rangi ya kijivu au samawati (kwa watu weusi itazamwe sehemu ya ndani ya mdomo na ufizi), apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nimonia ya bakteria huja kwa namna inayotambulika: mgonjwa anapata nafuu siku chache, kisha homa inarudi na makohozi yanakuwa mazito, ya njano au kijani. Janga la mafua la mwaka 1918 liliua watu wengi kwa njia hiyo hasa, bakteria wakiingia katika mapafu ambayo kirusi kilikwisha kuyachubua. Hapa antibayotiki ni dawa ya kweli, mradi ichaguliwe na daktari na dozi imalizwe. Kama homa haijarudi na makohozi hayajabadilika, antibayotiki haina la kufanya kwa kikohozi kikavu kilichobaki.

Bonge la damu ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ugonjwa mkali na kulala kitandani kwa muda mrefu vyote huifanya damu igande kwa urahisi. Huthibitishwa kwa picha ya CT (picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande) ya mishipa ya mapafu, na hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo kwa kawaida hunywewa kwa miezi 3 au zaidi. Anayezitumia asiongeze aspirini, dawa za maumivu au mitishamba bila kumweleza daktari, kwa maana kinachofuata huweza kuwa kutokwa damu tumboni au kichwani.

Steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili kama deksamethasoni na prednisoloni, ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko dawa zote hizi. Jaribio kubwa lililofanyika Uingereza mwaka 2020 lilionyesha kwamba miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, zilipunguza vifo vya korona kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakufaidika hata kidogo. Baada ya kutoka wodini, wapo wachache ambao picha ya CT huonyesha uvimbe unaoendelea ndani ya mapafu, na hao daktari bingwa wa kifua huweza kuwapa prednisoloni kwa wiki kadhaa au miezi, akiipunguza kidogo kidogo. Isikatishwe ghafla, na sukari na shinikizo la damu vifuatiliwe.

Kabla ya hapo kifua kikuu kiondolewe shakani, kwa sababu steroidi hudhoofisha kinga iliyokuwa ikikizuia. Mtu aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi, anayetoka jasho usiku, ana homa za jioni au anapungua uzito, atoe makohozi yapimwe. Tanzania na Kenya kipimo hicho hakilipiwi katika vituo vya umma.

Makovu hayana kidonge kilichothibitishwa cha kuyafuta. Kinachotia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kovu katika picha za mwanzo hupungua chenyewe kadiri miezi inavyopita, na kazi ya mgonjwa ni kurudisha nguvu za misuli. Akikosa pumzi, aketi akiinamia mbele, viwiko juu ya magoti au juu ya meza, avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu kupitia midomo iliyobanwa kana kwamba anapuliza chai ya moto. Makohozi yaliyokwama hutolewa kwa kuhema kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo, kuliko kukohoa hadi mbavu ziume. Atembee kila siku kwa kadiri ambayo bado anaweza kutamka sentensi nzima, na kama kesho yake anaamka hoi, mwendo ulizidi na upunguzwe.

Nyungu, ambayo wengi waliikimbilia mwaka 2020, huweza kulainisha kamasi puani, lakini haifiki kwenye vifuko vya hewa na imewaunguza wengi, hasa watoto waliokaa karibu na sufuria. Moshi wa kuni na mkaa ni jambo zito zaidi: mgonjwa asikae jikoni wala asipike kwa miezi hiyo, jambo ambalo mama wa nyumba hatalifanya kama wengine hawakushika mwiko kwa niaba yake. Nyumba yenye mtungi wa oksijeni isiwe na moto wala sigara katika chumba hicho.

Wiki ya 12 baada ya kuruhusiwa, aliyeugua sana apigwe tena picha ya kifua. Ikiwa vivuli vimebaki, au picha ni safi lakini pumzi bado fupi, aombe CT, kipimo cha nguvu ya mapafu, kipimo cha moyo na cha wingi wa damu, kwani upungufu wa damu na moyo dhaifu navyo hutwetesha. Abebe daftari lake la namba, karatasi ya kuruhusiwa na picha ya siku aliyolazwa, kwa sababu bila ile ya zamani daktari hawezi kujua kama kivuli anachokiona kinaondoka au kinakua.