Usiliamini sikio: kusahihisha sentensi katika Karatasi ya Pili

Wiki chache kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, huwaandikia watoto wangu wa kidato cha nne sentensi moja ubaoni, kisha huenda kuketi nyuma ya darasa: "Rafiki yangu mwenye aliniandikia barua amenipea viatu mbili." Sahihisha. Mikono huinuka kabla sijakifikia kiti. "Mwalimu, ni rafiki wangu!" Darasa zima huitikia. Basi alama ya kwanza imekwenda hivyo, maana "rafiki yangu" ndiyo sehemu iliyokuwa sawa.

Karatasi ya Pili ya Kiswahili ina alama 80, na matumizi ya lugha peke yake ni 40. Swali la kusahihisha huwa dogo tu, la alama mbili tatu hivi, lakini mtu anayekosea ngeli hapa ataikosea pia kwenye insha.

Wengi hulijibu kwa sikio. Huisoma sentensi polepole wakingoja mahali patakapowakwaruza. Sasa, sikio lililolelewa stendi ya matatu hapa Nakuru litakwaruzwa na nini? Tangu ukiwa mtoto makanga anakuambia "gari imejaa" na "pea mama kiti". Sina ugomvi na lugha ya stendi, nami nikipanda huongea vivyo hivyo. Ila mtahini hapandi matatu hiyo. Na wa Mombasa asicheke: niliwahi kumfundisha kijana wa huko akaniandikia "ndoo hapa" badala ya "njoo hapa". Kimvita safi kabisa, na nikamkata alama.

Kwa hiyo tumia jicho. Anza na kiima, yaani nomino inayotawala kitenzi: ipigie mstari kwa penseli, uandike ngeli yake juu. Kisha ifuate kama unavyofuata nyayo za mbuzi aliyetoroka zizini, neno kwa neno, uone kama kila kivumishi, kirejeshi na kitenzi kimeibeba alama yake. Gari ni LI-YA, basi ni gari langu limeharibika. Maji ni YA-YA, kwa hiyo yamemwagika, wala si imemwagika. Ukikuta -ni ya mahali, simama kidogo. "Nyumbani yetu" hakuna. Kuna nyumbani kwetu, au mwetu ukimaanisha ndani.

Turudi ubaoni. Rafiki yumo A-WA, ndiyo maana kitenzi ni "amenipa" na si "imenipa". Lakini majina ya ujamaa na usuhuba yasiyo na kiambishi cha m- huchukua "yangu": mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Yaache. "Mwenye" ni wa kumiliki: mwenye duka, mwenye nguvu. Hawezi kubeba kitenzi, basi weka "aliyeniandikia" au "ambaye aliniandikia". Chagua kimoja, kwani "ambaye aliyeniandikia" ni kuvaa kofia mbili kichwa kimoja. "Amenipea" ni ya mtaani, kitenzi chenyewe ni kupa. Viatu ni KI-VI, kwa hiyo viwili. Tunapata: "Rafiki yangu aliyeniandikia barua amenipa viatu viwili." Makosa matatu, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye neno lililoinuliwa mikono.

Kuna mitego ambayo nyayo za ngeli hazikufikishi. Wa kwanza ni -nge- na -ngali-. "Angalisoma angefaulu" imechanganya. Ukianza na -ngali- malizia na -ngali-, ukianza na -nge- vivyo hivyo. Mwingine ni "na" mahali pa "kwa": "Mkate ulikatwa na kisu." Kisu hakikujikatia mkate, kilishikwa na mtu, basi ni "kwa kisu". "Ingawa" na "lakini" zikikaa sentensi moja, ondoa mojawapo. Halafu "sisi wote", ambayo ilinimeza mimi mwenyewe nilipokuwa mtahiniwa. Niliitazama, nikaipita, nikaenda kurekebisha koma. Ni sisi sote, ninyi nyote, wao wote. Mpaka leo nikisikia mtu akisema "sisi wote" kanisani, kalamu nyekundu hunijia mkononi.

Unapojibu, andika sentensi nzima upya, usiandike neno ulilobadilisha peke yake. Usigeuze msamiati wala wakati bila sababu: kama ni "jana", "sijaenda" itakuwa "sikuenda", na uishie hapo, usianze kutunga hadithi yako. Tazama alama zilizotengwa pia. Swali la alama mbili ambalo umeliona kosa moja tu, lirudie kuanzia kwenye kiima. Na ukishamaliza, soma jibu lako mara moja kutoka mwisho kwenda mwanzo. Sikio halijui kusoma kinyumenyume, kwa hiyo jicho hubaki peke yake na kazi.

Hii hapa ya leo usiku, kabla hujazima taa. Mimi nimeyahesabu makosa manne:

"Ninyi wote mngalikuja mapema mngekuta maji imejaa mtungini yetu."