Adeniamu Mombasa: maji huiua kuliko jua

Waridi la jangwani, au adeniamu kama wauza miche wanavyoiita, si mgeni wa pwani hii. Huota yenyewe kwenye vichaka vikavu vya Kenya, katikati ya mawe na mchanga, ikiishi kwa maji iliyojiwekea kwenye shina la chini lililovimba kama kibuyu. Jina tu ndilo la waridi. Ndugu yake hasa ni msanapiti. Kwa hiyo joto la Kaskazi haliitishi. Nyingi zinazokufa mjini huoza mizizi, na nyingi huoza wakati wa masika.

Anza na udongo. Changanya mchanga wa mto wenye chembe kubwa makopo 2, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa kopo 1, na vipande vya matofali au mkaa vya ukubwa wa punje ya mahindi kopo 1. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Makumbi nayo yana chumvi: yaroweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yasuuze mara mbili. Ukishajaza chungu, mimina maji lita 1. Yakituama juu badala ya kuzama papo hapo, ongeza vipande vya matofali.

Chungu cha udongo ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua. Kiwe kipana, kisiwe na kina kirefu, kiwe na matundu chini, na usikiweke juu ya kisahani kinachoshika maji. Ukipanda ardhini, inua tuta la sentimita 30 kwanza. Mmea upate jua la saa 6 au zaidi. Kivulini hurefuka, huwa mwembamba na hautoi maua.

Kumwagilia kufuate majira. Kuanzia Desemba hadi Machi, mmea wa chunguni hutaka maji kila baada ya siku 3 au 4: mwagilia mpaka yatoke chini, kisha acha. Masika yakiingia, Aprili hadi Juni, usogeze chini ya upenu usinyeshewe mfululizo. Julai hadi Septemba, mara moja kwa siku 7 hadi 10 inatosha. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni sentimita 5. Ukigusa unyevu, subiri. Kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi, utaona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikiungua. Kinga maji ya mvua, na kila mwezi mimina mengi kwa mara moja ili chumvi ishuke na kutoka.

Jifunze kubonyeza kibuyu, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Kikiwa laini na udongo ni mkavu, mmea una kiu. Upe maji na utakaza ndani ya siku chache. Kikiwa laini na udongo ni mbichi, kinaoza, na maji zaidi yataumaliza. Ung'oe siku hiyo hiyo, osha mizizi, kisha kata sehemu iliyooza kwa kisu ulichokipangusa na spiriti, mpaka ubaki na nyama nyeupe ngumu isiyo na doa hata moja la kahawia. Ukibakisha kidogo, uozo utarudi. Paka unga wa salfa au mdalasini kwenye kidonda, uninginize mmea kivulini siku 5 hadi 7, uupande kwenye udongo mkavu, na usiumwagilie kwa wiki moja.

Mbolea iwe kidogo, yenye naitrojeni ndogo. Samadi nyingi huleta majani tu. Pogoa kabla ya joto kuanza, maana maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya. Miche yenye maua ya tabaka nyingi kwa kawaida imeunganishwa, yaani tawi la aina moja limepandikizwa kwenye shina la nyingine, hivyo ng'oa kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo. Wadudu weupe kama pamba waoshe jioni kwa kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita 1. Viwavi waokote kwa mkono.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wake ni sumu ya moyo. Sehemu kadhaa za Afrika ulitumika kwenye mishale. Usiupande mahali mbuzi au mtoto mdogo anapoufikia.

Ukitaka miche zaidi, panda mbegu, kwani tawi lililokatwa huchelewa sana kuvimba shina. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya pande zote mbili na upepo huichukua. Zilaze mbichi, zifunike kwa mchanga nusu sentimita. Huota ndani ya siku 3 hadi 7, na kwa joto letu huweza kutoa maua baada ya mwaka 1 hadi 2.