Chai ya maziwa isiyokatika, na kahawa chungu ya jioni: mimi nafanya hivi

Wakwe zangu walikuja asubuhi moja bila taarifa, nikajifanya mpishi, nikapasha maziwa yakiwa peke yake halafu nikakamulia tangawizi mbichi humo humo ili inukie vizuri. Nageuka kuchukua vikombe, narudi, sufuria imejaa mabonge yanaelea kwenye maji ya njano. Mama mkwe akachungulia akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, leo umetupikia mtindi?" Yaani ile aibu mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso na kanga.

Nikaanza kuuliza uliza kwa nini maziwa yanakatika, maana maziwa yenyewe yalikuwa ya asubuhi ile, hayana shida. Kumbe tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatakata protini ya maziwa, na Wachina wa upande wa Guangdong hiyo ndo mbinu yao kabisa, wanamwagia maziwa ya moto kwenye maji ya tangawizi wanaacha yagande wanakula na kijiko. Sisi hatutaki hivyo, sisi tunataka chai. Dawa yake ni ndogo tu: kimeng'enya hicho hakihimili moto wa kuchemka, kwahiyo tangawizi ichemke kwenye maji kwanza, dakika 5 au zaidi, ndo maziwa yaje. Ukishika hilo moja tu nusu ya kazi umemaliza.

Sasa tupike. Kwa vikombe 4 vya kawaida naweka maji vikombe viwili na kidogo (yale kidogo yatakauka) na maziwa vikombe viwili. Tangawizi kipande cha saizi ya kidole gumba, naiponda kwenye kinu na ganda lake nikishaiosha. Iliki punje 5 au 6 naponda na maganda, msitupe maganda jamani yana harufu yake. Mdalasini kijiti kimoja kifupi. Karafuu 2 tu, ukizidisha chai inakuwa kama dawa ya jino. Pilipili manga punje 3 kama kuna baridi au kuna mtu ana mafua ndani ya nyumba. Vyote hivyo ndani ya maji, funika, acha ichemke mpaka jikoni kote kunukie.

Hapo ndo majani yanaingia, siyo mwanzo. Majani mengi tunayonunua dukani, ya Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto, ni yale ya chenga chenga, kiwandani yamepitishwa kwenye mashine ya kuyasaga na kuyakunja kwahiyo yanatoa rangi haraka sana, ukiyachemsha dakika 10 unakamua uchungu tu na ule ukakasi unaokwangua ulimi. Vijiko 2 vidogo vya flati, dakika 2, basi. Kuna watu wanaona rangi bado wanaongeza majani, subiri kwanza we, rangi ya chai ya maziwa unaijua baada ya maziwa kuingia.

Maziwa mimi nimeshayachemsha pembeni. Kwanza yanaingia ya moto chai haipoi, pili kama yalishaanza kuchacha yatakatikia huko huko peke yake, unapoteza maziwa tu lakini viungo vyako viko salama. Changanya, rudisha motoni, ipande mpaka juu, punguza moto ishuke, ipande tena mara ya pili, toa. Usiondoke jikoni hapo hata kama simu inaita, maana ikishamwagika kwenye jiko la gesi utakwangua mpaka mchana. Chuja yote kwa mara moja, usiache majani yalale kwenye sufuria.

Sukari? Mezani. Kwetu mzee ana sukari, sasa ukiitia kwenye sufuria umeshamnyima chai yake, na ukweli tangu nianze kuweka kwenye kikombe nimejikuta nimeshuka kutoka vijiko 3 mpaka kimoja bila hata kuteseka, iliki na mdalasini zinasaidia mdomo kudanganyika.

Chupa ya chai isuuze kwa maji ya moto kabla ya kumimina, chai itakaa na moto wake muda mrefu. Ila chai ya maziwa usiilaze humo mpaka jioni, inachacha, na ile harufu ikishaingia chupani haitoki kirahisi. Ikitokea, weka bekingi soda kijiko na maji ya moto, iache usiku mzima. Na chupa ya kahawa iwe ya kahawa, usiibadilishe badilishe.

Ya rangi (majirani zetu Wakenya wanaiita strungi) sina maneno mengi, viungo vile vile, majani kidogo zaidi, na muhogo wa kuchemsha au chapati ya jana. Chapati ya jana na chai ya rangi ya tangawizi siibadilishi na kifungua kinywa cha hoteli yoyote, huko wanakuletea maji ya uvuguvugu na kipakti kina kamba halafu bili inakuja kama umekula samaki.

Haya, kahawa. Kahawa chungu tumeikuta kwa wazee, dele juu ya jiko la mkaa, muuzaji anapita anagonganisha vikombe, wanaume wamejaa barazani wanabishana siasa na bao. Ukienda Mji Mkongwe Zanzibar pale Jaws Corner utaona ninachosema. Sasa mimi mwanamke nikakae pale kijiweni na finjani, mtaa mzima si utaongea wiki nzima. Nikaona isiwe shida, nitapika kwangu.

Nunua buni, siyo unga uliosagwa zamani. Ya Kilimanjaro nyingi ni arabika, laini na ina uchachu kidogo, ya Kagera nyingi ni robusta, nzito na ina kafeini karibu mara mbili, mimi nachanganya nusu kwa nusu. Weka kwenye kikaango kikavu, moto wa kati, na mwiko usisimame hata kidogo, ukisimama zinaungua upande mmoja. Zitatoka kijani ziende njano, kahawia, halafu utasikia zinapasuka kama bisi ndogo ndogo. Zikifika kahawia iliyoiva sana na zimeanza kung'aa mafuta toa haraka, tandaza kwenye sinia, maana zinaendelea kuiva zenyewe. Fungua madirisha, moshi upo. Zikipoa twanga, chekecha.

Nusu lita ya maji, vijiko 3 vya kulia vya unga, kipande kidogo cha tangawizi iliyopondwa. Huna dele? Birika dogo linatosha. Ikipanda povu nyanyua, irudishe, mara 3 hivi, halafu iache itulie dakika 5 mashapo yakae chini. Mimina polepole kwenye vikombe vidogo na usiukorofishe mwisho wake. Haina sukari, sukari iko kwenye kashata, unauma kidogo unasukumia na kahawa. Mwenye kuweka sukari kwenye kahawa chungu na bado ana kashata mkononi mimi namwangalia tu.

Kahawa hii sinywi kila siku, sababu ni usingizi. Kafeini kwa watu wengi inachukua kama saa 5 ndo nusu yake itoke mwilini, kwahiyo nikinywa saa 12 jioni, saa 5 usiku bado nusu iko na mimi nahesabu mabati. Sa hivi mwisho wangu ni saa 10 jioni. Kitu kingine, chai na kahawa zinazuia mwili kufyonza madini ya chuma kwenye mboga na maharage, kama unaambiwa damu ndogo usishushie ugali na chai, iache lisaa lipite. Wajawazito ndo kabisa, Shirika la Afya Duniani linasema anayepitisha miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, ongea na nesi wako kliniki.

Usiku hamu ikinishika nachuma mchaichai uani, majani manne matano, nayafunga fundo, nachemsha dakika 5 na tangawizi, hauna kafeini kabisa. Na ukitaka kuutia kwenye chai ya maziwa uingie mwanzo kabisa na viungo, ukiutia mwishoni unaleta harufu ya nyasi mbichi.