Somo: Kubadili prosesa ya laptopu, lini inafaa na lini unatupa hela

Wakuu, swali la "laptopu yangu inakwenda polepole, niweke prosesa ya i7?" linarudi kila mara, kwa hiyo majibu yote yako hapa. Someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

1. Jua prosesa yako. Bonyeza Windows + R, andika msinfo32, soma mstari wa Processor.

2. Tazama herufi za mwisho. Wengi safari yao inaishia hapa. U na Y zimelehemewa kwenye mazabodi (bodi kuu). Kizazi utakisoma kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-3320M ni kizazi cha 3. Kizazi cha 2 na cha 3, zenye M na QM kwa kawaida hukaa kwenye soketi. Kizazi cha 4, M na MQ ni za soketi lakini HQ imelehemewa. Kuanzia kizazi cha 5 Intel iliacha soketi kwenye prosesa za laptopu. Zinazobadilika ni kama ThinkPad T420, T430 na T440p, Latitude E6420, E6430 na E6440, EliteBook 8460p na 8470p. Hiyo "p" ya T440p ina maana: T440 na T440s zina prosesa za U.

3. Hakikisha mkosaji ni prosesa. Ctrl + Shift + Esc, fungua Performance, kisha fanya kazi zako za kawaida. Disk ikiwa 100% na CPU (prosesa) 20%, nunua SSD, diski ya kasi. Memory ikijaa, ongeza ramu. CPU ikikaa 100% huku diski imetulia, endelea.

4. Chagua prosesa kwa viini (cores) na wati, siyo kwa jina la i7. T430 yenye i5-3320M ina viini 2. Ukiweka i7-3520M bado ni viini 2, umelipia jina. i7-3632QM ina viini 4 na inakula wati 35 zilezile, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kutafuta. QM za wati 45 zinataka hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) nzito na chaja ya wati 90. Halafu pakua mwongozo wa matengenezo wa modeli yako usome orodha ya prosesa zinazokubalika. Kizazi cha 3 kinaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya T420, ila BIOS yake ya kiwandani (programu inayoiwasha mashine) haikitambui. Utapata skrini nyeusi.

5. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani.

6. Toa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10, fungua mashine.

7. Legeza skrubu za hitisinki kidogo kidogo kwa kupishana, ukifuata namba zilizoandikwa kinyumenyume.

8. Soketi. Hapa msiwe na haraka. Pembeni ya prosesa kuna skrubu yenye alama ya kufuli. Izungushe nusu mzunguko kwa bisibisi bapa kuelekea kufuli iliyo wazi, kisha inua prosesa wima. Prosesa mpya ina pembetatu ya dhahabu kwenye kona moja: ilinganishe na kona yenye alama kwenye soketi, uiachie ishuke kwa uzito wake. ISIPOSHUKA USIBONYEZE. Ama kufuli haijafunguka, ama pini imepinda. Igeuze chini ya mwanga, tazama mistari ya pini kwa pembeni. Iliyopinda itatoka nje ya mstari. Inyooshe polepole kwa wembe mwembamba, kwa mwendo mmoja, maana pini ikienda na kurudi hukatika. Ikishakaa, funga kufuli. Wanaosahau kufunga hudhani wameuziwa prosesa mbovu. Prosesa ya laptopu haina kifuniko, kile kioo cha katikati ndicho chenyewe: ukikaza skrubu moja ya hitisinki hadi mwisho kabla ya nyingine, kona yake inameguka na hakuna tiba. Pesti ya kupitisha joto kati yake na hitisinki iwe kama punje ya mchele. Zile pedi laini za kwenye chipu nyingine usizibadilishe kwa pesti, haitaziba nafasi.

9. Washa. Mara ya kwanza inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Ipe kazi nzito dakika 20 huku ukitazama joto kwa programu ya HWiNFO. Ikigusa nyuzi 95, rudia pesti na ukazaji.

MASWALI

nyundo_tz: Mkuu nina EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U, naweza kuweka i7?

Mtoa somo: Hatua ya 2.

nyundo_tz: Lakini fundi kasema inawezekana.

Mtoa somo: Atabadili mazabodi nzima, hiyo siyo prosesa. Na i7-6600U nayo ina viini 2. Weka SSD.

dada_kodi: Ahsante kwa somo. Nina T440p, i5-4300M, kazi yangu ni kukompaili programu. Nimeona 4702MQ na 4800MQ. Kwa nini nisichukue yenye kasi zaidi?

Mtoa somo: Swali zuri, dada. 4300M na 4702MQ zote ni wati 37, hitisinki uliyonayo itaimudu. 4800MQ ni wati 47. Kama mashine yako haina kadi ya grafiki ya pembeni, hitisinki yake ni ndogo: itapanda joto, itajipunguza kasi, na ile faida inapotea kwenye kazi ndefu kama yako. Ukinunua, omba picha ya juu ya prosesa. Msimbo uanze na SR. Ukianza na Q, au ukiona "Intel Confidential", ni sampuli ya majaribio, usichukue.

kijana_wa_it: Nikiweka i7 ya kizazi cha 4, Windows 11 itakubali?

Mtoa somo: Rasmi, kwa Intel orodha inaanzia kimsingi kizazi cha 8. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Fikiria Linux.

mzee_wa_bisibisi: Naongezea, wakuu. Ukiwa na Dell na kasi imeganda 0.79 GHz, usinunue prosesa. Tazama ile pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, ndiyo inayoitambulisha chaja. Ikikatika, mashine inapunguza kasi na betri haichaji.

dada_kodi: Na kama pini ni nzima?

mzee_wa_bisibisi: Jaribu chaja nyingine ya Dell yenye wati zilezile. Ikiendelea, tatizo liko kwenye tundu la chaja. Kwenye nyingi ya hizo Latitude ni kipande chenye waya wake, hakihitaji kulehemu.